Cheka Nikujue

Wateja waliamini fundi cherehani yule alizaliwa na mizaha, ndiyo maana wakamwita Mama Vituko. Mwanamume akija kupimwa suruali, huulizwa kama kiuno kile ni chake au amekiazima. Akicheka, fundi humtupia jicho la haraka mdomoni, kisha hurudi kwenye mkanda wake wa kupimia. Hakuna aliyejua kwamba mama wa watu anatafuta mtu.

Alimtafuta kaka yake, na alama pekee aliyobaki nayo ni meno. Kule walikozaliwa, bondeni chini ya mlima uliowahi kutapika moto, maji ya kisima yalikuwa na madini yaliyotia meno ya watoto rangi ya kahawia kabla hayajamaliza kuota. Wazee yaliwapinda miguu. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Hawakuyaonja maji yale. Watu wa afya walikuja wakakifunga kisima, wakaahidi bomba. Bomba lilifika, sikatai, ila lilikuta nyumba tupu. Yeye, msichana wa miaka kumi, alikuwa amechukuliwa na shangazi mjini, na kaka yake kadandia lori kwenda kutafuta kazi. Wazazi walipofariki, hakubaki wa kumwuliza kaka alielekea wapi. Alitangaza redioni, kimya. Milima haikutani, binadamu hukutana, alijiambia, na akaendelea kuwachekesha watu.

Siku ya kuachana alilia sana, akisema mjini watamzomea.

"Wenzetu wana meno matupu," kaka yake alimwambia. "Sisi Mungu alitumiminia na chai kabisa. Popote utakapopotea, wewe cheka. Nitakujua."

Shuleni mjini walimzomea kweli. Tangu siku ile mkono wake ulijifunza kupanda mdomoni wenyewe kila kicheko kilipokaribia, na alipopata kazi ya kushona alishukuru, kwa kuwa fundi mwenye pini midomoni haulizwi kwa nini hacheki.

Sasa binti yake alikuwa anaolewa.

"Mama, twende kwa daktari wa meno," alimwambia, akiwa amesimama juu ya kigoda huku gauni likikunjwa pindo. "Kwenye picha zote umeziba mdomo, kama jino linakuuma. Sina picha hata moja ya mama yangu akicheka."

"Na mjomba wako atanijuaje nikiyafuta?"

"Mama. Mjomba hajaonekana tangu lini?"

Fundi alichoma pini vibaya, binti akaruka. Akaendelea kukunja pindo mpaka gauni likaisha. Lakini mtoto akililia wembe mpe, na huyu alikuwa analilia kicheko tu. Wakaenda.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimulika, akagonga jino moja kwa kijichuma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Tutayafunika yote, mama. Hakuna atakayejua."

"Umewahi kuona mengine kama haya?"

"Mengi sana. Watu wa bonde lile wanakuja kila mara. Siku hizi mtu wa kwenu akipita hapo nje, hata mimi simtambui."

Fundi alibaki amekaa kwenye kile kiti, mdomo wazi, taa usoni. Aliwakumbuka wanaume waliocheka mbele ya cherehani yake na meno meupe, naye akawapima kiuno na kuwaaga. Huenda mmoja wao alikuwa kaka yake. Na kama alikuwa yeye, alimwona nani? Mwanamke aliyeziba mdomo. Kaka hakumwambia awachekeshe watu. Alimwambia acheke.

"Asante, mwanangu," alisema, akashuka kitini. "Haya meno niachie."

Binti alimkuta nje ya mlango.

"Mbona mapema hivi?"

"Toa simu unipige picha."

Mkono ulianza kupanda kama kawaida yake. Akaukamata kwa mkono wa pili, akaushikilia tumboni. Kicheko hakikuja. Alikuwa amewachekesha watu wa mji mzima, lakini mganga hajigangi.

"Nikuchekeshe?" binti akauliza.

"Hebu nitazame meno. Unaona nini?"

Binti akayatazama, akasita. "Mama, usikasirike. Yana rangi ya chai."

Kilimtoka kicheko cha msichana wa miaka kumi, mpaka machozi yakamshuka na wapita njia wakageuka. Binti alipiga picha huku naye akicheka, asijue kinachochekesha.

"Hiyo itume kote mnakotumaga mambo yenu," fundi alisema, akijifuta macho kwa ncha ya mkanda. "Na uandike chini yake."

"Niandike nini?"

"Andika: kaka, nacheka."