Mabega Yote Mawili

Miaka miwili baba hakukanyaga kasino. Alijipiga marufuku mwenyewe: akajaza fomu, akapigwa picha, na sura yake ikapelekwa kwa walinzi wa milango yote ya kasino hapa Macau. Jana marufuku ilikwisha. Leo asubuhi tukanywa uji wa mchele, tukatoka kwenda kuiandikisha upya. Aliniahidi, lakini ahadi za baba nazijua.

Mimi hugawa karata kasino, kwa hiyo najua tunavyokula watu. Hatuibi, wala hatuna haja. Kila mchezo umeelemea kidogo upande wa nyumba, yaani kasino yenyewe, basi. Mchezaji akikaa sana, hesabu inamla. Juu ya meza kuna ubao unaoonyesha nani kashinda raundi zilizopita, benki au mchezaji, pande mbili zinazowekewa dau, na watu wazima wanaukodolea macho wakidhani wanaisoma kesho. Ubao ule unanichefua.

Kwenye kona ya ofisi ya kuandikisha, baba akageukia milango ya dhahabu ya kasino ng'ambo ya barabara.

"Nachungulia tu. Nikasalimie."

"Unamsalimia nani, baba? Karata?"

"Sok-Man, usinitanie. Nimeota benki imeshinda mara nane mfululizo!"

"Karata hazijui ulichoota."

"Wewe kazi yako kugawa. Bahati utaijulia wapi?"

Akaanza kuvuka. Kumbembeleza hakufai, marehemu mama alibembeleza mpaka akachoka. Nikamkimbilia, nikamshika mabega kwa nguvu. Kwetu, mcheza kamari akiguswa bega, bahati yake ya siku hiyo imekufa. Mezani huwa nawacheka kimoyomoyo wanaoamini hivyo.

Baba akaruka. "Mtoto huna adabu! Yote mawili?"

"Yote mawili."

Akanitazama kwa hasira, midomo ikimcheza. Kisha akaangua kicheko, akacheka mpaka machozi. Mimi nililia tu, tena bila aibu.

"Haya, leo umeniweza," akasema. "Kesho uko kazini. Nani atanishika?"

Nikajifuta machozi. Akageuka mwenyewe, akanitangulia kuingia ofisini.

Karani akaitoa picha ya zamani. "Mzee Chio, tutumie hii hii?"

Baba akaitazama, akamrudishia karani.

"Huyu alikuwa mifupa mitupu. Tangu niache nimenenepa. Nipige picha upya, mwanangu, wanijue vizuri mlangoni."