Barafu Haingoji Salamu

...na halua pia, hata halua wamekuja nayo, bati zima, kana kwamba hapa pana arusi, wameliweka juu ya meza ndogo ya ukumbini na mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kitambaa alichokifuma kwa mkono wake, Mastura anayaona kupitia upenyo wa pazia, na harufu ya hiliki inapenya inakuja mpaka huku chumbani anakokaa eda, nguo nyeupe mwilini, sinia la kahawa mikononi, mume hajatimiza mwezi kaburini na watu wanatafuna halua, wanalamba vidole, mmoja wao anapandisha makohozi, khoo, khoo, kisha anayameza tena, huyo ni Mzee Msellem, angemjua hata gizani, bwana mkubwa wa baraza la pale msikitini, amekuja na wenziwe wawili kumsemea mpwawe, dereva wa gari la wageni wa hoteli, gari lililomgonga Seif, na nani amemkaribisha, Badi, kakake Mastura wa tumbo moja, tena amemketisha kwenye kiti cha Seif, kile cha mkono uliolegea ambacho Seif alikuwa kila Ijumaa anasema leo nitakipiga msumari, na Badi anacheka kidogo, kile kicheko chake cha mbele ya wakubwa, hehe, ndiyo mzee, hehe, kweli mzee, kicheko cha kutia kichefuchefu kuliko hiyo halua... "Ajali haina kinga, mwanangu Badi," Mzee Msellem anasema, "liandikwalo ndilo liwalo, nasi ni waja tu, lakini..." na Mastura alikuwa anaingoja hiyo lakini, haijapata kuja methali nyumbani kwa maskini isiyoburuta lakini nyuma yake, "lakini marehemu, Mungu amrehemu, aliiacha njia yake. Kijia cha baiskeli kipo. Kimepigwa mstari mweupe tangu ile sikukuu ya Jamhuri ya mwaka wa themanini na tano, kipofu pia akiona. Yeye yuwafanya nini juu ya lami ya magari? Na gari nalo lipite wapi, baharini?" Na wenziwe wakaguna, mmh, mmh, midomo imejaa.

Kwa hivyo hilo ndilo lililowaleta, kesho asubuhi Badi aende kituoni akamwambie afisa kwamba aila haina neno na dereva, kosa ni la marehemu, kesi ifutwe, na Ijumaa baada ya sala Mzee Msellem mwenyewe atasimama awaase vijana wa baiskeli wafuate kijia chao, "wasije wakayataka kama Seif, na jina lake liwe fundisho," eti fundisho, yaani Seif aliyejua kila shimo la mji huu awe kama yule paka aliyekanyagwa anayeonyeshwa watoto, usifanye hivi, na Kaltuma wao wa miaka saba ataenda chuoni kusoma Kurani na wenzake wamwambie babako alijiua kwa kiburi, mzee kasema msikitini, na atarudi amuulize mamake, na mamake atajibu nini... "Kahawa, Mastura," Badi ananong'ona, na mkono wake umepenya chini ya pazia, kiganja juu, unangoja sinia, mkono mnene wenye pete ya akiki, vidole vinang'aa mafuta ya halua, na Mastura anautazama na haupi sinia, anautazama kama mtu aliyekuta jongoo kwenye mchele, kwa sababu jambo baya zaidi ya yote, jambo analolionea haya hata mbele ya Mungu, ni kwamba yeye mwenyewe tangu siku ile amemkasirikia Seif, ndiyo, amelia na kumkasirikia katika machozi yale yale, kwa nini, baba Kaltuma, kwa nini usipite kwenye hicho kijia chao, sheria si sheria, wenye baiskeli na wapite pa baiskeli na wenye magari pa magari, hata mtoto mdogo anaelewa, wewe na ujuaji wako, wewe na mawe yako ya barafu ya kuwapelekea wauza samaki, na hasira hiyo imemlalia kifuani kama chakula kilichochacha, haishuki, haitoki.

Na kijia chenyewe, astaghfirullah, kijia gani kile, walikisawazisha vizuri siku ile ya Jamhuri mkubwa wa serikali alipokuwa anakuja, wakapaka mstari, watu wakapiga makofi, na kabla mstari haujakauka mwenye duka akatoa magunia yake ya viazi akayapanga humo, na mbuzi wakapata pa kulala, na wamama wakapata pa kumwaga maji ya samaki, magamba na matumbo, na gari za hoteli zenyewe zikapata kivuli cha kuegesha, na watafuna tambuu wakapata pa kutemea, chekundu hapa chekundu pale, mtu hajui ni mate au mtu kachinjwa, inzi wamekiona ni peponi, na ukiwauliza wenye mji watakwambia tumewatengenezea watu wa baiskeli njia yao lakini hawaitaki, wabishi... "Kijana mwenyewe alikuwa na adabu, hatumvunjii heshima," Mzee Msellem anaendelea huko, na meza inagongwa gongwa, anaitaka kahawa, "tangu alipopata makanyo, hakutupitia tena barazani juu ya baiskeli. Si yuwajua mwenyewe, Badi?" "Najua mzee, hehe," na Mastura analirudia neno hilo, tangu alipopata makanyo, makanyo gani, ah, yale, siku ile walipovuliwa changu wengi, soko limefurika na wachuuzi wanalilia barafu, Seif amefunga jiwe zima kwenye keria ya baiskeli, kalifunika gunia na maranda ya seremala lisiyeyuke, maji yanadondoka nyuma yake njia nzima, akapita kwenye kijia, ndiyo, kwenye kijia, chao, cha baiskeli, mbele ya baraza, akapiga kengele, akapaza sauti shikamooni wazee hali yuko juu ya baiskeli, basi, jua halijatua Mzee Msellem kesha kuwa hapa mlangoni, "Badi, shemejiyo atupigia kengele kama sisi ni ng'ombe, kijana mzima hashuki, yuwatuamkua kutoka juu, huo ni ungwana wa wapi?" na Badi akamshika Seif mkono akampeleka barazani akawabusu mikono mmoja mmoja, Seif, mtu mzima mwenye ndevu, na aliporudi alikaa kwenye kile kiti akacheka, Seif alikuwa akichekea mambo ya kuliza, akasema, "Mke wangu, kijia kile kina mabaraza matatu. Nikishuka kwa kila baraza, nikamwamkua kila mzee, nikaulizwa habari ya mama na ya shamba la Mambrui, nifikapo sokoni nimebeba gunia la maji. Barafu haingoji salamu," na kuanzia kesho yake akapita juu ya lami, mbali na mabaraza, ambako adabu haimfikii, na yeye Mastura akamwambia nini, akamwambia utaniua kwa roho juu, pita kwenye kijia, na Seif akasema kijia ni cha baiskeli siku ambayo wazee wamelala, akacheka tena.

Kwa hivyo hakukiacha, Mastura anajiambia, walimtoa, walimtoa kwa mdomo wakamwita mwenye adabu, kisha gari likampata huko walikomtupa wakamwita mkaidi, na kakake ndiye aliyemshika mkono, mkono huu huu uliochomoza hapa chini ya pazia unapinda vidole, leta, leta, upesi, "Mastura wee! Mzee auliza, wasikia? Kesho niseme tumeridhia?" na hapa anakumbuka, hata hataki kukumbuka lakini linakuja, pazia kama hili, miaka tisa nyuma, Badi amesimama upande ule na shekhe na mashahidi, anauliza Mastura, umeridhia uozwe Seif, na yeye amejifunika ukaya, hina bado mbichi, amebana kicheko mpaka machozi, akanyamaza, na nje wakasema kanyamaza karidhia, vigelegele, maana mwari kunyamaza kwake ndio ndiyo yake, na ilikuwa ndiyo tamu isiyohitaji mdomo... na sasa wanaingoja ile ile, wamekaa wanangoja anyamaze, wamezoea, wanajua kizuka, mjane wa eda, hapazi sauti mbele ya wanaume, watu watasema ametoa sauti ndani ya eda, mwanamke gani, na atanyamaza, na Badi atasema hehe kanyamaza karidhia, na halua itaisha, na Ijumaa Seif atakuwa fundisho. "Mwache, ana huzuni," anasema mmoja wa wale wenziwe, sauti nyororo, "mwanamke ataelewa nini mambo ya barabara." Mambo ya barabara! Yeye aliyefua mashati yenye vumbi la barabara hiyo miaka tisa, anayejua kwa doa la shati Seif kapita wapi, tope jeusi ni sokoni, mchanga mwekundu ni njia ya Tezo alikokuwa anakwenda kumwona rafikiye, tambuu begani ni kijia cha baiskeli, na siku ile shati halikurudi, alirudi Mbeyu.

Mbeyu, muuza mihogo wa pale kwenye kona, Mgiriama mwenye sauti ya kupasuka, yeye ndiye aliyekuja mbio mlangoni na leso imemvuka begani, na maneno yake Mastura aliyasikia bila kuyasikia, yalimpita kama maji juu ya jani la myugwa, alishika moja tu, barafu, "Dada Mastura, hiyo barafu imepasuka lami yote, na watu wanaiokota, dada, watu wazima, wanaisuuza na kufyonza," na hilo lilimtosha, tangu siku ile hanywi maji baridi, kila akifumba macho anaona midomo inafyonza, lakini Mbeyu alisema na mengine, alisema akilia, alisema nini, subiri, mkono wa Badi sasa unapiga sakafu, tap, tap, subiri na wewe, Mbeyu alisema, jamani, Seif alikuwa anataka kuingia, ndiyo, lile gari lilipopiga honi nyuma yake alikata usukani aingie kwenye kijia, nilimwona kwa macho yangu, dada, lakini hakuna pa kuingia, wazee wameweka bao lao katikati, si palisawazishwa vizuri, tangu hapo ndipo wanapocheza, benchi huku na benchi huku na dele la kahawa, na Seif akawaona, akarudisha usukani... akawaona akarudisha, na gari lile lile, mpwawe Mzee Msellem, mbio, anawahi wageni wa hoteli, akarudisha ili asiwapande wazee, hata hapo, hata kufa kwenyewe, akawapisha! Na wao wameketi hapa juu ya kiti chake. Na kile chakula kilichochacha kifuani, ile hasira ya kumkasirikia Seif, Mastura anaitafuta na haipo, imeyeyuka yote, kifua kimebaki kitupu na kikavu, na kinyaa chote alichokuwa amekigawa kidogo kidogo, kwa halua, kwa inzi, kwa mate mekundu, kwa marehemu mwenyewe maskini, kimejikusanya kikasimama mahali pamoja, na mahali hapo panajulikana, pana ndevu nyeupe na kofia ya kazi ya mkono na sasa hivi panatafuna. "Basi, Badi," Mzee Msellem anasema, kiti kinalia kwa uzito wake, "kanyamaza, karidhia. Na tusome Fatiha." Na mikono ya wanaume inainuliwa, wote, isipokuwa ule wa Badi ambao bado uko chini ya pazia unangoja, na kahawa imepoa, na pazia halijasogea, na Mastura amesimama pale pale alipokuwa, sinia pale pale mikononi, akasema kwa sauti ile aliyokuwa akimwitia Seif kutoka kisimani, sauti ya kufika mtaa wa pili, "Shikamoo, Mzee Msellem. Kabla ya Fatiha, nataka kukuuliza, baba yangu, na wenzio wanisikie. Siku ile alasiri Seif alipogongwa, bao mlikuwa mmeliweka wapi?"