Nusu Ndoo

...manne au matano, matundu madogo kama ya vifungo, daktari aliyachora kwenye tumbo la mtu asiye na kichwa, halafu tumbo jingine akalipiga mstari mmoja mrefu kutoka juu ya kitovu hadi chini kabisa, chagua Badria, saratani ya utumbo tutaitoa kwa njia yoyote, ila ya matundu kidonda hupona upesi, siku chache uko nyumbani, na tukikwama humo ndani tutafungua, na yeye moyoni alishajibu matundu, matundu, maana siku chache unadanganya, unasema nilikwenda Kigamboni harusini, mstari je, mstari utausema nini... bomba la uani linatoa kiuzi cha maji, Adamu kalala mgongoni, mzito kama kiroba, na Bi Kuruthumu mwenye nyumba yuko pale mlangoni juu ya mbuzi anakuna nazi, "We Mama Adamu, nusu ndoo tena leo? Unanywesha kuku?", "Maji yenyewe ndiyo haya, Bi", uongo, nusu ndoo mtu anajitwika mwenyewe, ikijaa lazima uite nitwishe, na anayekutwisha anakusogelea, anakuona usoni, anaona kanga inavyozunguka kiuno mara mbili, miezi minane ya damu na yeye akinunua dawa za bawasiri Mtaa wa Kongo, uzazi tu huu, alijiambia, uzazi tu, na mumewe Hashimu kwenye simu kutoka Tunduma, foleni ya malori, umekula? nimekula, na huo mfuko wa kupokea haja watakaoubandika ubavuni, pengine wa muda, alisema daktari, muda gani, na udhu je, "Asubuhi shikamoo, toka hapo kimya, umeibiwa ulimi?", Bi Kuruthumu anacheka peke yake, na daktari alisema kitu pale mlangoni, yeye keshasimama, hakukisikia vizuri, sasa ndiyo kinamfikia, kwa njia yoyote utakayochagua, wiki sita usinyanyue kizito, hata mtoto, una mtu nyumbani? ninao, dokta, wengi... hata mtoto, kwa matundu hata mtoto, kwa mstari hata mtoto, nani atamshusha Adamu mgongoni, nani atamrudisha, matundu hayafichi kitu, hayafichi... maji yamefika nusu, mkono wenyewe umekwenda kwenye koki, kwa mazoea, umeishika, mbuzi inakwaruza, kwara kwara, nazi inakaribia kifuu, ikiisha bibi atainuka aingie ndani, Ya Rabi asiinuke, mkono umeiacha koki, yapite nusu, yapande, Bi Kuruthumu amechukua kizio cha pili cha nazi, kiuzi ni kilekile, na Badria amesimama na neno moja mdomoni, nitwishe, anangoja ndoo ijae.