Mana ya Bwenini

Pale chuo cha wachungaji, kuiba kazi ya mtu hakukuitwa kuiba. Kuliitwa mana. Insha umeinakili kwa mwenzako, hubiri umelichota kwenye simu, yote mana, kwa sababu imeshuka tu kutoka mbinguni, hujalima wala hujapalilia. "Umeshaokota?" waliulizana asubuhi, na bweni zima likaangua kicheko. Jina hilo alilitunga Vituko, kijana asiyeweza kuona mtu anataka kukaa asikivute kiti.

Mtihani wake wa mwisho ulikuwa kuhubiri. Hubiri liwe lako, mwalimu alisisitiza, litoke kwenye maisha yako mwenyewe. Ukishindwa, uchungaji ndio basi. Vituko akachota hubiri la zamani la mchungaji mmoja wa mbali, lililorekodiwa watu wakilia, akalikariri lote, mpaka pale pa kukohoa.

"Si ulipunguzepunguze basi," mwenzake wa chumbani alimwambia.

"Mana haichujwi, ndugu yangu. Inamezwa."

Siku yenyewe kanisa la chuo lilijaa wanafunzi na wageni. Vituko alikuwa amefika katikati, amepamba moto, amekohoa pale pa kukohoa, ndipo akamwona mama yake. Mstari wa pili, mkoba mapajani, tabasamu mpaka gego la mwisho. Hakuwa amemwalika. Mwenzake wa chumbani ndiye aliyemwita kimyakimya, eti amfurahishe. Kumbe na yeye ana vituko vyake.

Vituko alijua kinachofuata. Alitaka kukiruka, lakini kitu ulichokariri bila kukitafuna hakina mlango wa pembeni. Ukiacha neno moja, yote yanakukimbia. Mdomo ukaenda wenyewe.

"Siku nilipomzika mama yangu," alisema, na sauti ikatetemeka palepale ilipotakiwa kutetemeka, "nilimuuliza Mungu, sasa nani ataniita mwanangu?"

Kanisa likaguna kwa uchungu. Bibi aliyekaa karibu na mama yake akaanza kulia, akamwegemea begani. "Maskini! Kijana mdogo hivi, hana mama!"

Mama yake akampigapiga mgongo. "Nyamaza, dada. Nyamaza." Lile tabasamu halikuwepo tena.

Ibada ilipoisha mwalimu alikuja kumshika Vituko mkono, macho mekundu. "Umefaulu, mchungaji. Umenigusa. Na huyu mgeni wetu ni nani?"

"Mama yake mzazi," mama alijibu kabla hajafikiri.

Mkono wa mwalimu ukalegea. "Mzazi?"

Mama akamtazama mwanawe.

"Aliyezikwa ni mama yake mdogo. Mdogo wangu mimi, ndiye aliyemlea. Kwetu hatuna mambo ya mama mdogo sijui mama mkubwa. Tunasema mama, basi."

"Aaa! Kweli kabisa, mama ni mama." Mwalimu akapumua. "Poleni sana. Hebu tuiombee familia. Marehemu mlikuwa mnamwitaje?"

Mama alikuwa ameshafumba macho. Midomo ikafunguka. Shati alilovaa Vituko lilishonwa na huyo huyo mama mdogo, kwa ajili ya siku hii hii, na pengine saa hiyo alikuwa kwenye cherehani yake anaimba kwa sauti mbovu.

"Usiombe, mwalimu." Sauti ilimtoka nyembamba, hakuwa ameifanyia mazoezi. "Mama mdogo yuko hai. Hubiri si langu, nimelitoa kwenye simu. Na mama... mama hajui kudanganya. Ameanza leo, kwa sababu yangu."

Mwalimu hakupiga kelele. Alijifuta macho harakaharaka, kama mtu aliyefumaniwa akilia bure. Vituko aliona heri angezabwa kofi.

"Kafungashe," mwalimu alisema.

Mama alimsubiri getini. Walitembea yeye mbele, mwanawe nyuma na begi. Vituko akatafuta mzaha, hata ule wa kitoto ambao haukuwahi kukosa kumchekesha mama. Hakuupata.

"Mama, nisamehe."

Mama alisimama, akageuka.

"Nimesema uongo kanisani, mwanangu," alisema taratibu, kama anayejishangaa. "Na wala sikuutafuta. Umeshuka wenyewe."