Pua ya Mzee Marcellin

Bourgogne nzima, nchi ya mizabibu kule Ufaransa, iliijua pua ya mzee Marcellin. Akiinusa divai nyekundu mara moja tu, anakutajia kilima zilikokua zabibu zake, mwaka, na kama wavunaji walinyeshewa. Chupa ikiwa na walakini, aliitupa ukutani bila kujali nani yupo mezani.

Kipupwe kimoja akaugua mafua makali. Mafua yakaondoka, yakaondoka na pua yake. Hakumwambia mtu, ingawa bintiye Blandine, ambaye sasa ndiye aliyesimamia shamba la mizabibu la ukoo, alishahisi.

Jumapili moja, baada ya chakula, mzee akafungua chupa ya mwaka aliomwoa marehemu mkewe. Blandine akainusa glasi yake. Kizibo kilikuwa kimevunda, na divai ilinuka kama boksi lililolowa.

Mzee alimtazama kidogo, kisha akaizamisha pua yake kwenye glasi.

"Cheri mbivu," akasema. "Na udongo wa mvua ya kwanza. Mama yako huyo!"

"Ni yeye kabisa, baba," akajibu Blandine, akainywa yote, hakubakisha hata tone.

Mzee akacheka mpaka akapaliwa. "Mwongo we! Uso umekukunjamana tangu ulipoinusa. Pua yangu imekufa, mwanangu, macho bado mazima. Kamwage takataka iliyobaki chupani."

Akafungua chupa ya pili ya mwaka uleule. Safari hii hakujimiminia. Alimimina glasi moja tu, akamsogezea binti yake kwa mikono miwili.

"Haya, ninusie wewe," akasema polepole. "Mama yako yumo?"