Jemedari Chini ya Meza

...kwa hiyo sauti kwanza, kipande cha ini baadaye, daktari wa mifugo alirudia mara tatu kama ananisomea dozi, ukibonyeza umeahidi, ukiahidi utoe, mara kumi tu kisha umpumzishe, na mimi nimekaa hapa sakafuni jikoni miguu imekufa ganzi, nimebonyeza kidude cha kufundishia mbwa mara moja, moja tu, tak, na Jemedari, mbwa mzima wa miaka minane, kichwa kama ndoo, amejikunja chini ya meza mkia ameubana kana kwamba nimemmwagia maji ya moto... saa nne kasorobo, nesi anakuja saa nne, na alishasema, tena kwa upole, upole ndio ulioniuma, "Dada, mimi nakuja kumgeuza mgonjwa na kumsafisha vidonda, sikuja kupigana na simba, nikimkuta tena hivi, tafuteni mwingine," huku ananionyesha shavu la mguu, alama nne za meno na dawa ya rangi ya zambarau, nami nimeshika kadi ya chanjo ya mbwa kama mjinga, kama kadi itaziba matundu... na mwingine yuko wapi, wawili walishakataa, na Baba tangu kiharusi kimwangushe hawezi kujigeuza ubavu, nikimgeuza peke yangu kiuno changu kinalia kama bawaba, na kaka jana kwenye simu, "Mwite daktari ampige huyo mbwa sindano ya kufa, yaishe," yeye kila jambo yaishe, "samaki mkunje angali mbichi, huyo ameshakauka," nikamwambia mbwa si samaki, akacheka, mimi sikucheka...

haya, vuta pumzi, jaribu tena, daktari alisema akiogopa mlio kifunge kidude kwenye kitambaa, basi nimekitia ndani ya soksi nzito, nabonyeza, tak, sasa ni ndogo, kama mtu anavunja kijiti chumba cha pili, na bado anatetemeka, ini halitazami, ini nimelichemsha mwenyewe asubuhi nyumba nzima inanukia, mbwa gani anakataa ini, huyu huyu aliyempandisha fundi bomba juu ya tangi la maji akashinda huko mpaka mchana, leo anaogopa kidude cha plastiki kisichojaa kiganja, kasauti kadogo namna hii, tak... tak... ah. Ah. Mkanda. Ni mkanda wa Baba, kile chuma chake kinapofunguliwa, Baba karudi kutoka ghalani, msimamizi wa ghala, funguo mezani, viatu mlangoni, kisha tak, na nyumba inanyamaza, mama kasimama na mwiko hewani, kaka keshakimbilia uani, mimi nyuma ya kabati la vyombo nimejikunja nahesabu vigae, kumi na tisa, halafu naanza upya... nikaolewa nikahama, kaka akahama, mama akazikwa, Baba tukamwacha na nani, tukamwacha na Jemedari, "Huyu ananielewa kabla sijafungua mdomo," Baba alikuwa akiwatambia wageni, nasi tunasema kweli, mbwa ana akili huyu, kumbe akili gani, kumbe ni ngozi tu ilikuwa inakumbuka... na mimi mwenyewe nilipobonyeza, mbona mabega yalipanda mpaka masikioni, nikasingizia baridi ya sakafu...

"Na... nani..."

Baba, chumbani, mlango uko wazi, "Ni mimi, Baba. Niko na Jemedari."

"Mcha... mcha..."

mchana? anauliza ni mchana? "Bado asubuhi, Baba, nesi yuko njiani," mcha, mcha, labda mchafu, labda amejichafua, itabidi ninyanyuke, na nikinyanyuka ghafla huyu naye atarukia mguu, saa inakwenda, ini linakauka, "Toka hapo basi!" nimesema, nimepaza, na sauti iliyotoka si yangu, Mungu wangu, ni ile ile, ile ya baada ya funguo na viatu, na Jemedari hakunguruma, amefumba macho tu, anasubiri, na kiumbe anayesubiri hivyo namjua, namjua tangu tumboni... samahani, mzee wangu, samahani, sikukusudia...

"Mchape!"

limetoka lote, safi, halina kigugumizi, miezi mitano hajaweza kusema maji, hajaweza kusema asante, jina langu analikata katikati, na neno la kwanza kukamilika ndilo hilo, ulimi umelikuta palepale ulipoliacha, "Mchape... ata... atatoka," na ile "ndiyo Baba" yangu imeshafika kwenye meno, miaka arobaini na mitatu inafika yenyewe bila kuitwa, ndiyo Baba, sawa Baba, nimekosa Baba...

"Hapana, Baba."

nani kasema, ni mimi, tena polepole, kama ninayemwambia chai bado ya moto, "Hapana. Humu ndani hachapwi mtu," friji inavuma, nangoja kitu kianguke, paa, radi, mkono, hakianguki kitu, hawezi kuinuka, najua hawezi, na angeweza je, ningesema? sijui, labda, labda nisingesema, lakini nimesema... basi nesi akifika nitamwahi getini, nitamwambia ukweli, mbwa hayuko tayari leo wala wiki hii, kila ukija nitamfungia huku jikoni na nitasimama mlangoni mwenyewe, mguu wako uko salama, akikataa akatae, sindano Jemedari hapigwi kwa kosa alilofundishwa... Nasukuma kipande cha ini, kinateleza kwenye vigae, kinasimama karibu na ukucha wake, hakili, asile, si lazima, pua imecheza kidogo, au nimeona vibaya, saa nne kasoro dakika kumi, bado yuko chini ya meza na mimi bado niko sakafuni, na huko chumbani Baba anakohoa, anapumua, analia au anakohoa, siwezi kujua, nitakwenda kumgeuza, na nitamgeuza kwa mikono laini kama kila siku, lakini si sasa hivi, sasa hivi nimekaa.