Kana Iliyobaki Nyumbani

Mtunza ghala alikuwa mtu wa orodha. Kule hospitali alikofanya kazi, hata sindano moja haikutoka ghalani bila sahihi, na madaktari wenyewe walisimama dirishani kwake kwa adabu kama watoto waliochelewa shule. Mumewe, fundi bomba, alikuwa kinyume chake kabisa: vifaa vyake vililala popote mkono ulipochoka. Kwa hiyo walipochukua likizo ya mwezi mzima wasafiri na binti zao wawili kwa ile mashua ya tanga ambayo fundi alikuwa ameikarabati kwa miaka minne, waligawana kazi bila ubishi. Mume ashughulike na chombo, mke ashughulike na mizigo.

Siku ya tano, saa tatu asubuhi, upepo ulikuwa wa kutosha na nchi kavu ilikuwa mstari mwembamba tu upande wa kushoto. Baba alikuwa ameshika usukani. Binti mkubwa, wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumbani walimwita Karani kwa kupenda kwake kuandika kila kitu, alikuwa akisoma dira na kujaza daftari la safari. Mdogo wake, Kitinda, alikuwa amelaza kichwa mapajani mwa mama akilalamika kwamba bahari inamkoroga.

Mara kukasikika mlio mmoja mkavu chini ya sakafu, na gurudumu la usukani likawa jepesi mikononi mwa baba. Akalizungusha kulia, likazunguka kama pia. Akalizungusha kushoto, vilevile. Mashua ikajigeuzia inakotaka yenyewe, tanga likaanza kupigapiga kwa kishindo.

Fundi hakupiga kelele. Alishusha tanga, akawaambia wote wakaze majaketi ya kuokolea, akafunua ubao wa sakafu na kuchungulia. Waya wa chuma unaounganisha gurudumu na usukani wenyewe, ule ulioko majini, ulikuwa umekatika na kuchanuka kama ufagio. Akawaeleza wanawe kwa utulivu kwamba jambo hili hutokea, na ndiyo maana kila chombo hubeba kana ya akiba: mpini mrefu wa chuma unaochomekwa juu ya mhimili wa usukani, mtu akaendesha kwa mikono yake. Ya kwao ilikuwa kwenye kasha la nyuma, imefungwa kwenye gunia.

Aliposikia neno gunia, mtunza ghala alikumbuka.

Wiki moja nyuma, siku ya kupakia, alikuwa amelikuta gunia lile. Ndani yake mna chuma cha kutu kilichopinda, hakina kibandiko, hakina jina, kinafanana na mabaki ya bomba yaliyozagaa uani kwao. Kilikuwa kimekula nafasi ya maboksi mawili ya maziwa. Akakitoa, akakirudisha stoo ya nyumbani, akajiambia atamuuliza mumewe jioni. Jioni ikaja na mambo yake. Tena hakukitoa peke yake. Karani ndiye aliyemshikia mlango wa stoo.

Fundi alitoa kila kitu kashani: kamba, ndoo, maboya, viatu vya mvua. Akavipanga, akavipangua, akatafuta tena pale alipokwisha kutafuta. Kisha akakaa chini katikati ya vitu hivyo.

"Nimeisahau," alisema. "Nimewatoa wanangu nchi kavu, nimeacha kana nyumbani. Mimi ni baba gani?"

Mashua ilikuwa imelala ubavu kwa mawimbi, inayumba vibaya. Maili chache mbele, upepo ulikokuwa ukiwasukuma, povu jeupe lilikuwa likichemka juu ya miamba. Injini ilikuwa nzima, lakini injini bila usukani ni sawa na punda bila hatamu. Mama aliita bandarini kwa redio. Sauti ya upole ikamjibu kwamba boti ya uokoaji itachukua saa mbili kuwafikia. Fundi alitazama miamba akapiga hesabu kimyakimya, na uso wake ukasema kwamba saa mbili hawana.

Mtunza ghala alirudisha redio mahali pake. Alipoinua macho yalikutana na ya Karani. Alikuwa amekumbatia daftari kifuani, anamtazama mama yake.

Angeweza kunyamaza. Mumewe alikuwa amekwisha kuupokea mzigo wote, na hakuna ambaye angeshangaa, maana nani asiyejua kwamba fundi husahau? Lakini mficha uchi hazai, na zaidi ya hayo, mwanaume yule aliyekaa juu ya viatu vya mvua alikuwa anajidharau kwa kosa lisilo lake.

"Baba watoto, hukuisahau wewe," alisema. "Uliipakia. Mimi niliitoa. Niliona ni chuma chakavu, nikaipeleka stoo, na sikukwambia."

Fundi akasimama. Ajabu ni kwamba alisimama kama mtu aliyetuliwa kitu mabegani.

"Tutagombana tukishafika," alisema. "Sasa hivi nisogezee sanduku langu la kazi."

Fundi bomba hasafiri bila spana yake kubwa ya mabomba. Akaitia kwenye kichwa cha mhimili, meno yakauma vizuri chuma kwa chuma. Lakini wimbi la kwanza lilipoupiga usukani, spana ikarudi kwa nguvu ikamgonga goti. Mpini ulikuwa mfupi mno. Alihitaji bomba la kuurefusha, la urefu wa mkono na nusu, lenye tundu la kupitisha mpini.

Hapo ndipo orodha ilipofanya kazi. Mtunza ghala hakuhitaji karatasi, maana kila kitu kilichokuwamo chomboni kilikuwa kichwani mwake. Alifumba macho, akapita chumba kwa chumba: ndoana, vijiti vya hema, fimbo ya pazia, ambavyo vyote ni vyembamba. Kisha akafumbua macho na kusema mguu wa meza. Meza ya chumbani ilisimama juu ya nguzo moja ya bomba, tupu ndani.

Yeye na Karani wakateremka na bisibisi. Skrubu nane, na chombo kinawatupa huku na huku, na Kitinda juu akimsimulia baba yake kwa sauti kila alichotapika. Walipolifikisha bomba juu, liliingia kwenye mpini wa spana kwa kulegalega. Wakaujaza upenyo kwa taulo la jikoni na kuukaza kwa kamba. Fundi akawasha injini, akasukuma bomba kwa mikono miwili. Omo, pua ya mbele ya mashua, ikageuka polepole, kama mzee anayegeuka kitandani, mpaka miamba ikawa nyuma yao.

Waliendesha kwa zamu saa sita nzima, boti ya uokoaji, ilipowafikia, ikiwafuata kando kwa safari iliyobaki. Zamu ya mama ilipofika, Karani alikaa karibu naye kumsaidia kusukuma.

"Nisingesema, wewe ungesema?" mama alimuuliza.

"Nilikuwa nahesabu mpaka mia," Karani alijibu. "Nilikuwa nimefika sitini na tatu."

Waliingia bandarini alasiri, mikono yote ya watu wazima ikiwa na malengelenge. Kesho yake, watoto wakiwa wamekwenda kuoga, waligombana kweli kama fundi alivyoahidi. Alisema chuma hakikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba mkewe aliona kitu chake akadhani moja kwa moja ni takataka. Mtunza ghala alitaka kujitetea, akakuta hana utetezi, maana ndivyo alivyodhani. Akaomba radhi bila kuongeza lakini.

Waya mpya ulichukua siku sita kufika. Bibi ya watoto alipiga simu akawasihi warudi kwa basi. Wakapiga kura, na Kitinda, aliyeteseka kuliko wote, ndiye aliyeinua mkono wa kwanza kuendelea.

Ndipo mtunza ghala alipochukua daftari jipya, akamwomba mumewe afungue kila kasha na kumweleza kila chuma kilichomo, kazi yake ni nini na kikikosekana itakuwaje. Walianzia omo, wamepiga magoti bega kwa bega, na shughuli hiyo ikawala siku mbili na nusu.